Shule ni nini? Shajara ya mradi wa kufundisha nadharia za taasisi kwa sitiari

Januari, kabla wanachuo hawajaripoti

Idara imeukubali mradi. Kazi yenyewe ni kulipanga upya somo la nadharia za taasisi tunalowafundisha walimu wanaoandaliwa kuwa walimu wakuu na wakuu wa shule, ili lisimame juu ya sitiari badala ya orodha ya majina na miaka. Tunaifanya wawili, mimi na mwenzangu wa idara anayefundisha fedha na manunuzi. Amekuja kwa shaka zake, na nimemwomba asiziache nyumbani.

Somo la sasa analijua kila aliyepita chuo cha uongozi wa elimu. Unaanza na Taylor na kitabu chake cha 1911 cha kuipima kazi kisayansi, unakuja kwa Fayol na kanuni zake 14 za uongozi, Weber na urasimu, unapita kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago ambako wafanyakazi walianza kuchunguzwa mwaka 1924, unamalizia na McGregor na nadharia zake za X na Y za mwaka 1960, moja inayomwona mfanyakazi ni mvivu wa kusukumwa na nyingine inayomwona ni mtu wa kujituma. Mwanachuo anazikariri kanuni 14 kwa mpangilio, anafaulu vizuri, anarudi shuleni kwake Sengerema, na kikao cha kwanza cha walimu kinampiga chenga. Mvua inanyesha, mwalimu wa zamu hajatokea, watoto wamejazana barazani: hapo hakuna hata kanuni moja kati ya zile 14 inayomjia kichwani.

Uti wa mgongo tumeukopa kwa Gareth Morgan, mwandishi wa nadharia za taasisi. Mwaka 1986 alizikusanya nadharia hizi chini ya sura nane: taasisi kama mashine, kama kiumbe hai, ubongo, utamaduni, mfumo wa siasa, gereza la nafsi, mtiririko wa mabadiliko, na chombo cha kutawalia watu. Hoja yake kuu ni kwamba kila nadharia ya taasisi imebeba sitiari ndani yake, na kila sitiari huonyesha upande mmoja huku ikifunika mwingine. Anayeiona shule kama mashine ataona kengele, ratiba na vipuri vilivyochakaa. Hofu iliyoko chumba cha walimu haitamwonekania.

Sharti letu ni moja. Sitiari isiyomfanya mkuu wa shule aamue jambo tofauti na alivyozoea kuamua haiingii kwenye kijitabu, hata iwe tamu namna gani. Kijitabu ndicho zao la mradi: visa vya shule za kanda ya ziwa, kila kisa na maswali yake, pamoja na mwongozo wa mkufunzi.

Februari, kipindi cha kwanza

Hatukuanza na Morgan. Tuligawa karatasi nyeupe zisizo na majina na swali moja: "Shule ni nini?" Masharti yalikuwa mawili tu, jibu liwe kitu kinachoshikika, na usiandike "mahali pa kutolea elimu".

Familia iliongoza kwa mbali. Ikafuata vyombo vya safari: mtumbwi, meli, basi la kwenda mikoani. Halafu shamba la pamba, bustani, mzinga wa nyuki, kambi ya jeshi. Mmoja aliandika "mnada wa Misungwi" na hakujitokeza kueleza, nami bado ninautamani ufafanuzi wake.

Mwenzangu ndiye aliyeona kitu ambacho mimi nilikipita. Karibu kila karatasi ilikuwa na kiti cha mwandishi kimeshaandaliwa. Aliyeandika familia ni baba au mama wa familia hiyo, wa basi ni dereva, wa shamba ndiye mkulima. Hakuna aliyejiweka abiria, wala mtoto, wala mche wa pamba. Walimu hawa bado hawajateuliwa, lakini vichwani mwao wameshakaa ofisini.

Basi tukachukua mtumbwi, kwa kuwa watu wa mialoni, ufuoni mitumbwi ya uvuvi inakotia nanga, walikuwa wengi darasani. Nikauliza: nani yumo mtumbwini? Nahodha, wakasema, na wavuvi. Nani mwingine? Kimya. Ndipo akasimama mwalimu mmoja wa Ukara, mtu mzima, mpole, aliyekulia mwaloni.

"Madam, samahani. Mtumbwi wa dagaa nahodha si mwenyewe. Mwenyewe ni tajiri, na tajiri yuko nchi kavu amelala. Mafuta ya injini katoa yeye, nyavu zake, taa zake. Tukirudi asubuhi anaondoa gharama zake kwanza, ndipo kinachobaki kinagawanywa. Tukikosa, deni ni letu."

"Na shuleni, Mwalimu?"

"Shuleni mimi nitakuwa nahodha. Ruzuku inatoka juu, walimu wanapangwa na wengine, matokeo yakiwa mazuri yanatangazwa na wengine. Yakiwa mabaya ndiyo naitwa kujieleza."

Darasa lilicheka kicheko cha watu waliotambua ndugu yao. Saa nzima iliyobaki ilikwenda kwenye swali lililotoka humo: nahodha ana mamlaka gani hasa akiwa majini? Wavuvi waliokuwamo walikuwa na majibu. Anaamua mahali pa kutega taa. Anaamua kurudi upepo ukibadilika, na hapo tajiri hana kauli kwa sababu hayupo. Anaamua nani apumzike. Waligeuza kila moja kuwa jambo la shule: ratiba ya ndani, nani afundishe darasa la kwanza, lini kikao kiahirishwe. Kwa njia hiyo tukawa na orodha ya mambo ambayo mkuu wa shule anaamua kweli, na mengine ambayo huwa anajifanya tu kuyaamua. Kitabu chetu cha zamani kina sura nzima kuhusu "mipaka ya mamlaka" na sikumbuki kama imewahi kuzaa mjadala.

Kisa cha tajiri na nahodha kimeingia kijitabuni, ukurasa wa kwanza.

Februari, wiki iliyofuata: mashine

Historia kwanza. Ellwood Cubberley, profesa wa Stanford, aliandika mwaka 1916 kwamba shule ni kiwanda kwa namna fulani, na watoto ni malighafi inayotengenezwa kukidhi mahitaji ya maisha. Hakuwa anatukana, wakati ule Marekani ilikuwa imelewa mawazo ya Taylor, na kupima kila kitu kwa saa na gharama kulionekana ndiyo sayansi. Niliwaambia wanachuo walitafute neno lao la kiwanda. Mwanza haikosi viwanda. Wengine wakaenda kwenye kuchambua pamba: nyuzi huku, mbegu kule. Lakini mwalimu mmoja wa Ilemela, ambaye mama yake aliwahi kufanya biashara ya mapanki, alitunyamazisha.

Asiyekaa huku huenda hajui: sangara akifika kiwandani, minofu hukatwa na kusafirishwa nje, na mifupa yenye kichwa na nyama kidogo ndiyo mapanki, inayouzwa kwa wenyeji. Alisema, "Tukisherehekea waliochaguliwa kwenda sekondari, tunasherehekea minofu. Wale wengine tunawaitaje? Na kiwanda hakina kikao cha kujadili mapanki."

Ilikuwa rahisi baada ya hapo kumaliza kipindi kwa kuilaani mashine, na wanachuo walikuwa tayari kabisa. Mwenzangu wa fedha aliwakatalia, na ninafurahi alifanya hivyo. Alileta ruzuku ya uendeshaji: shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, 25,000 kwa wa sekondari. Fedha ndogo, na kila mwenye cheo katani anaijua tarehe inayoingia. Akawapa kisa: mkubwa fulani anapiga simu, kuna ugeni, shule ichangie kidogo, "utaona namna ya kuandika". Utajibu nini?

Majibu ya mwanzo yalikuwa ya busara na unyenyekevu, na yote yaliishia kwenye kutoa fedha. Kisha akawauliza nini kingewasaidia kukataa bila kumkosea mkubwa adabu. Wakazitaja wenyewe: muhtasari wa kamati ya shule, sahihi za watu zaidi ya mmoja benki, stakabadhi, mfumo wa taarifa za fedha ambao haukubali kifungu kisichokuwepo. Yaani mashine. Weber aliposema urasimu haumtazami mtu usoni alikuwa anaeleza ubaridi wake, lakini pia ndiyo kinga ya mnyonge. "Mkuu, natamani sana, ila mfumo haupokei" ni sentensi iliyookoa ajira za watu.

Tumeandika kwenye mwongozo: mkufunzi asiruhusu kipindi cha mashine kuisha bila mtu kuitetea.

Machi: familia

Familia haimo kwenye nane za Morgan kwa jina. Ukilazimisha utaiweka chini ya utamaduni. Lakini darasa lilishasema lenyewe kwamba ndiyo sitiari inayotawala vyumba vyetu vya walimu, na kuiacha eti kwa sababu haimo kitabuni kungekuwa kichekesho. Tuliipa vipindi vingi kuliko tulivyopanga.

Kisa tulichoandika: mwalimu wa kike, ajira mpya, shule iko mbali na barabara ya lami. Mkuu wa shule ni mzee anayependwa, anamwita "mwanangu". Kwa kuwa ni mdogo kuliko wote anapewa zamu mara kwa mara, anawekwa kuandaa chai ya wageni, anafanywa katibu wa kila kikao. Anapojifungua anakwenda likizo ya uzazi ya siku 84 kwa mujibu wa sheria, na kabla hazijaisha anapigiwa simu: "Mwanangu, kidato cha nne wanakaribia mtihani, na wewe ni mtoto wa nyumbani, njoo utusaidie kidogo." Je, amwambieje?

Nilitegemea wanawake waseme moja na wanaume waseme lingine. Haikuwa hivyo. Mgawanyiko ulikuwa wa umri. Walimu waliokaa kazini muda mrefu walimwona mzee yule ni mtu mwema aliyezidiwa na upungufu wa walimu, na hilo ni kweli. Vijana walimwona ni mtu anayetumia neno "mwanangu" kupunguza gharama, na hilo nalo ni kweli.

Mama mmoja kutoka Magu, aliyekuwa mwalimu wa taaluma kwa miaka mingi, aliikingia familia kifua. "Madam, nilipofiwa na mume wangu, walimu wenzangu ndio walikuja kulala kwangu. Michango walitoa kabla serikali haijajua. Ukiiondoa familia shuleni unabakiza nini? Mshahara?"

Kijana aliyekaa nyuma yake akaamka kwa heshima zote. "Shikamoo, Mama. Pole sana, na sisi hatusemi iondoke. Ila mimi baba yangu siwezi kumhama. Mkuu wa shule naweza kuomba uhamisho. Na baba yangu sina pa kumshtakia, ila mkuu wa shule yupo wa kumshtakia."

"Marahaba mwanangu," akajibu yule mama, na darasa likaangua kicheko kwa sababu hata yeye alisikia alichokisema.

Pale ndipo mradi ulipopata sura yake halisi, kwa maoni yangu. Familia inaonyesha kile ambacho mashine haiwezi: kwamba watu hawa watazikana, watalea watoto wa wenzao, watakopeshana hadi mwisho wa mwezi. Inachofunika ni milango. Katika familia hakuna Tume ya Utumishi wa Walimu, hakuna chama cha wafanyakazi, hakuna likizo inayohesabiwa kwa siku. Anayelalamika si mtumishi anayedai haki, anakuwa mtoto asiye na adabu. Ndiyo maana wakuu wa shule wanaipenda mno, na wengi wao kwa nia njema kabisa.

Tukawapa zoezi: andika upya simu ile ya mkuu wa shule, ukibaki mzee wa familia yako, lakini siku 84 zibaki 84. Zoezi gumu kuliko linavyoonekana. Waliofaulu walifanya jambo moja la pamoja: walimpigia mwalimu kumjulia hali na mtoto, wakakata simu, kisha wakapiga nyingine kwa afisa elimu kata kuulizia mwalimu wa kujitolea.

Machi, mwishoni: ubongo

Kipindi kimoja kimetosha. Taasisi kama mfumo unaojifunza ni wazo zuri, ila visa vyetu vyote viliishia mahali pamoja: mkuu wa shule akihamishwa anaondoka na kumbukumbu za shule kichwani. Nani anadaiwa vitabu, mpaka wa kiwanja uko wapi, mzee gani aliahidi mawe ya msingi. Tumekifanya kiambatisho kuhusu makabidhiano ya ofisi na tukasonga mbele.

Aprili: mpira kwenye uwanja wa duara

Hiki ndicho kipindi nilichokingojea tangu tuandike andiko la mradi. Karl Weick, mtafiti wa taasisi, mwaka 1976 alieleza taasisi za elimu kama mifumo ambayo sehemu zake zimefungwa kwa kamba iliyolegea. Alianza hoja yake kwa mfano aliosema kaupata kwa mtafiti mwenzake James March: mechi ya mpira isiyo ya kawaida. Uwanja ni wa duara na umeinama. Magoli yametawanyika ovyo. Watu wanaingia na kutoka wapendavyo, wanaweza kurusha mipira yao, na yeyote anaweza kusema "nimefunga" wakati wowote na kwa idadi anayotaka. Ajabu yake ni kwamba wote wanaucheza kana kwamba mchezo una maana.

Tulitoka nje tukaucheza. Tulichora duara kwa chokaa kwenye kiwanja cha chuo, mahali penye mteremko, tukaweka magoli kwa matofali kila tulipoona pana nafasi, na tukamteua refa mmoja. Kwa watu waliokulia na timu ya Pamba na wanaojua kila kona ya uwanja wa Kirumba, hii ilikuwa karibu na kufuru. Kwa dakika chache walicheza kwa utani, halafu mambo yakaanza kuonekana. Kikundi kimoja kikajichagulia goli la karibu kikawa kinafunga humo tu, bila kumsumbua mtu. Wengine wawili walicheza vizuri mno, pasi safi, pembeni kabisa, na hakuna aliyewaona. Refa alipuliza filimbi mpaka akachoka, akaanza kutangaza matokeo ambayo hayakuhusiana na chochote kilichotokea.

Tulipokaa chini ya mwembe nilimuuliza refa alijisikiaje. "Kama mkuu wa shule siku ya kujaza taarifa ya robo mwaka," alisema.

Mazungumzo yalikwenda moja kwa moja kwenye mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika 2024. Waraka unafika, semina inafanyika, maandalio ya somo yanabadilishwa jina la safu, na darasani mlango ukifungwa mwalimu anafundisha alivyofundisha mwaka juzi. Mthibiti ubora anakuta makaratasi yamekaa sawa. Wanachuo walitaka kuishia hapo, kwenye lawama. Weick hakuishia hapo, na ndiyo sababu namfundisha. Ulegevu ule una faida zake: sehemu moja ikioza, nyingine haziozi nayo. Mkuu mbaya hawezi kuharibu madarasa yote. Na wale wawili waliokuwa wakipiga pasi pembeni ndio walimu wako bora, wanaojaribu vitu kwa sababu hakuna anayewaingilia.

Basi uamuzi unakuwa upi? Tulibishana mpaka jua likazama. Walio wengi walikuja na hili: chagua mambo machache ya kukaza kamba, mahudhurio, fedha, usalama wa watoto, na mengine yaache yalegee kwa makusudi, lakini nenda ukawatafute wale wa pembeni ili wengine wawaone. Mwenzangu alinong'ona kwamba ameanza kuamini mradi. Nimeandika tarehe kwa ushahidi.

Mei: ziwa

Kwa kiumbe hai na mazingira yake tungeweza kutumia mwili wa binadamu kama vitabu vingi vinavyofanya. Ziwa liko pale chini, linaonekana dirishani. Sangara aliletwa humu miaka ya 1950 na 1960. Kufika miaka ya 1980 furu wengi, samaki wadogo wa asili wa ziwa, walikuwa wametoweka, dagaa wakashamiri, na biashara nzima ya ufuo ikageuka. Magugu maji yakaingia baadaye yakafunga mialo. Aliyepandikiza samaki mmoja alikuwa anafikiria samaki mmoja.

Wanachuo waliuhamishia mfano huu kwenye elimu bila malipo ya 2016 kwa haraka. Ada na michango ya lazima vikaondolewa, watoto waliokuwa majumbani wakaja, ikawa neema. Na palepale madarasa yakafurika, vyoo vikazidiwa, mwalimu wa darasa la kwanza akakosa pa kupita. Hakuna aliyesema sera ilikuwa mbaya. Walisema mkuu wa shule anayesoma waraka mmoja mmoja atashangazwa kila mwaka.

Kilichotupa kisa cha kijitabu, hata hivyo, ni mahudhurio. Mwalimu wa Ukerewe alileta kitabu chake cha mahudhurio cha darasa la sita na kukilaza mezani. Watoto hupungua na kuongezeka kwa mawimbi yanayofuata mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwa kamili taa hazivuti samaki na mitumbwi hupumzika. Wakati wa giza mitumbwi inarudi alfajiri, dagaa wanatakiwa kuanikwa kabla jua halijawa kali, na mikono inayoanika mingi ni midogo. Shule yake ilikuwa ikiwachapa watoto hao kwa utoro na kuwaita wazazi. Wazazi hawakuja, kwa kuwa nao walikuwa wanaanika.

Watafiti Burns na Stalker waliandika mwaka 1961 kwamba muundo unaofaa mazingira tulivu haufai mazingira yanayobadilika. Niliwahi kuifundisha sentensi hiyo na kuona macho ya watu yakifunga. Safari hii haikuhitaji maelezo. Kikundi kilikaa na kalenda, kikapendekeza majaribio ya kila mwezi yawekwe wakati wa mbalamwezi, mada mpya ngumu zifundishwe wakati huo, na wakati wa giza asubuhi ziwe za marudio. Mwalimu yule akaongeza kwamba atakwenda kwanza kwa viongozi wa mwalo kabla hajakwenda kwa mzazi mmoja mmoja, maana wao ndio wanaopanga saa za kuanika. Hilo la pili ni bora kuliko la kwanza.

Afisa mmoja aliyepita kututembelea aliuliza kama huku si kuhalalisha ajira za watoto. Swali ni la haki kabisa na limewekwa kwenye kisa kama lilivyo. Sitiari ya ziwa ina tabia ya kuyafanya mazingira yaonekane kama amri ya Mungu. Sangara hakushuka kutoka mbinguni, na ratiba ya kuanika dagaa vilevile ni kazi ya watu.

Mei, mwishoni

Siasa: tulitumia Wagika na Wagalu. Kila mtu hapa anajua makundi haya mawili ya ngoma yanavyoshindana, na kila mwaka sherehe za ngoma za Bulabo pale Bujora hukumbusha asiyejua. Swali lilikuwa kama mkuu wa shule aliyekuta walimu wa sayansi na wa sanaa wana makundi anapaswa kuyavunja. Wazee wa Kisukuma darasani walisema hapana: ushindani wenye uwanja na waamuzi unawanoa wote wawili, unaoua ni ule wa gizani. Hivyo uamuzi ni kuwapa uwanja, yaani vikao ambamo bajeti inagombaniwa waziwazi.

Gereza la nafsi, yaani watu kufungwa na mawazo yao wenyewe, lilianza kwa utani usioepukika, maana Butimba ina chuo cha ualimu na gereza kuu katika kata moja, na kila kundi la wanachuo hudhani ndilo la kwanza kugundua. Tulipotulia, mada iliyotoka ni viboko. Walimu wanaojua mbadala na bado wanashika fimbo kwa sababu "sisi tulichapwa na tukawa watu". Sikuwasukuma sana.

Chombo cha kutawalia watu tulikifanyia kazi kupitia wasichana waliokatizwa masomo kwa ujauzito, ambao tangu Novemba 2021 wanaruhusiwa kurudi. Waraka uko wazi. Kisa chetu ni cha msichana aliyerudi na kukuta kila kitu kimeruhusiwa isipokuwa kuwekwa karibu na wenzake. Nani kaamua akae dawati la peke yake? Hakuna aliyeamua. Huo ndio ugumu wa sitiari hii, inataka mkuu wa shule atafute uonevu usio na mwonevu. Kisa bado hakijaiva, nitakiandika upya nikiwa na mwalimu mshauri wa wasichana.

Mtiririko wa mabadiliko umeachwa. Tulijaribu kuuweka juu ya daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, na shule zilizokuwa jirani na foleni ya kivuko. Ukawa mjadala mzuri kuhusu mama lishe waliopoteza wateja, lakini hakuna uamuzi wa mkuu wa shule uliobadilika. Sharti ni sharti.

Juni: jaribio la mwisho

Kila mwanachuo amepewa kisa kimoja kilekile na kutakiwa kukiandikia maamuzi kwa sitiari mbili anazochagua, ya pili ikiwa ile asiyoipenda. Hayo ya pili ndiyo yaliyosomeka vizuri zaidi, kwa wengi. Aliyeanza na familia akalazimika kuandika kama mashine alitoa tarehe, majina ya wahusika na mahali pa kupeleka rufaa. Aliyeanza na jeshi, akaandika kama ziwa, kwa mara ya kwanza aliuliza mtoto anatoka wapi.

Wachache walipamba. Walileta sitiari mpya, nzuri, za kusifiwa, na chini yake uamuzi uleule wa kuitisha kikao. Tumekubaliana alama za upambaji ziwe sifuri, kwa sababu walimu wetu ni mafundi wa maneno na watatuzidi ujanja.

Yaliyobaki kabla ya Septemba: kukiandika upya kisa cha dawati, kumwomba yule mwalimu wa Ukara apitie ukurasa wa tajiri na nahodha, na kuthibitisha kwa idara swali la lazima la mtihani. Rasimu yake inasomeka hivi: "Chagua sitiari ambayo mkuu wako wa shule wa sasa anaitumia zaidi anapozungumza na walimu. Eleza inamweka yeye wapi na inakuweka wewe wapi. Taja jambo moja shuleni kwenu ambalo sitiari hiyo inalificha, na uandike hatua mbili ambazo ungezichukua kama jambo hilo lingeonekana." Mwenzangu anataka hatua ya pili iwe na gharama yake kwa shilingi. Tutakubaliana wiki ijayo.